Siku Niliyomfungulia Felista

Mwezi uliopita nilikaa kwenye benchi la mwisho la kanisa moja hapa mjini, nimejitanda ushungi wangu, nikamsikiliza binti wa marehemu akisoma wasifu wa mama yake. Alisoma kwa sauti iliyokauka, kama asomavyo mtu karatasi ambayo ameshailia nyumbani. Alisema marehemu Felista alizaliwa Rombo, akabatizwa na kusoma shule ya msingi kulekule, kisha akaja Dar es Salaam kwa mama yake mdogo na kuingia sekondari, ila hakubahatika kumaliza kidato cha nne. Baada ya hapo zikafuata ndoa, watoto, jumuiya, kwaya, na ugonjwa uliomchukua. Watu waliitikia kwa vichwa. Neno lile "hakubahatika" lilipita upesi kama yapitavyo maneno ya karatasi za namna ile, wala hakuna aliyeligeukia. Mimi nililigeukia. Katika watu wote waliojaa mle ndani, na wale waliokaa nje chini ya turubai, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba bahati haikuhusika.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa umri alionipa. Amenipa macho ambayo bado yanasoma msahafu wa herufi kubwa, na magoti ambayo bado yanakubali sijda, ingawa goti la kushoto hukubali kwa manung'uniko. Amenipa kazi pia: nilifundisha Kiingereza miaka mingi, kwa cheti nilichokipata mwishoni mwa mwaka ninaotaka kuueleza. Habari za ukoo wangu sitazieleza, maana hazina lawama katika jambo hili. Inatosha msomaji ajue kwamba tulikaa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uani nyuma. Kwamba soko jipya lilikuwa na miaka michache tu tangu kufunguliwa, na bado watu walikuja kulishangaa paa lake. Na kwamba mwaka ule tulikula ugali wa unga wa yanga, wa njano, uliokuwa ukinuka gunia hata ukiusonga na nini. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Felista alinizidi miezi minne, na hakuacha kunikumbusha.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, si mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja. Siku za mikutano vipaza sauti vilituingilia madirishani, na mwalimu alilazimika kusubiri makofi yaishe ndipo aendelee na sentensi yake. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliitwa Mwalimu Kapinga, mtu wa Songea, mfupi, mwenye mashati mawili tu, yote meupe, aliyokuwa akiyapokezanisha. Kitabu cha hadithi tulichotakiwa kukisoma kwa ajili ya mtihani kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Vingine havikuja, na karatasi nchini zilikuwa haba mno hata madaftari tuliyaandika mpaka pembezoni. Basi Jumatatu moja Mwalimu Kapinga alikilaza kitabu kile mezani, akatoa wembe mfukoni, na kwa uso wa mtu anayeomba radhi akaukata uzi ulioshona mgongo wake. Akakifumua chote. Kila mmoja akapewa karatasi tatu, azinakili nyumbani, na kila Ijumaa tukabadilishana. Alituambia kwamba atakayepoteza karatasi moja atakuwa amewapotezea wenzake wote. Mpaka mwaka unaisha haikupotea hata moja, na hilo nalitaja kwa heshima ya watoto wale, kwa kuwa wakati ule karatasi yoyote iliyoachwa dirishani ilikuwa imeshafungia karanga kabla ya jua kuchwa.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mjane mmoja wa nchi ya baridi. Nyumba yake ilisimama mahali ambapo reli ilitakiwa ipite. Wakubwa wa reli wanamwendea mara tatu, wanamwahidi nyumba nyingine, nzuri kuliko yake, ng'ambo ya mto, na mara zote tatu anakataa bila kusema sababu. Mwisho nyumba inavunjwa, yeye anahamishwa, na kabla msimu haujaisha anakufa. Hakuna mmoja wetu aliyewahi kukanyaga theluji wala kuona mlango wenye kengele. Tulizinakili theluji na kengele kwa uangalifu, herufi kwa herufi, kama mafundi wanaochonga maandishi ya lugha wasiyoijua.

Kwangu mimi kazi ile haikuwa ngeni. Nilikwishamaliza chuo, nimekhitimu msahafu, na njia ya chuoni ndiyo njia pekee ya kusoma niliyoijua: unaketi, unayumba, unarudia, mpaka maneno yanahama kutoka kwenye karatasi na kukaa kifuani. Ustadhi wetu alikuwa akisema kwamba maana ina wakati wake, kwanza hifadhi. Simlaumu, na Mungu amrehemu. Kwa Kitabu kile maneno yake yalikuwa sahihi, na maana ilinijia taratibu baadaye, na bado inanijia. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua adabu ya Kitabu cha Mungu nikakivalisha kitabu cha watu. Nilihifadhi karatasi zangu tatu, kisha za jirani yangu, na kufikia katikati ya mwaka nilikuwa nimehifadhi hadithi nzima, na pamoja nayo sarufi yote ya ubaoni, nyakati zote za vitenzi, nilizoziimba kwa mahadhi yaleyale ya alifu kwa ujiti. Mwalimu Kapinga akitaja mstari wowote mimi niliumalizia. Darasa liliniita Redio. Wote waliamini kwamba najua Kiingereza, na wa kwanza kuamini nilikuwa mimi.

Kulikuwa na adabu nyingine ya chuoni ambayo sina budi kuieleza hapa. Mwenzako akiwa anasoma kwa kichwa, akakwama, humwachi akitweta. Unamfungulia. Unamtajia neno linalofuata, moja au mawili, kwa sauti ya chini, naye anashika njia na kuendelea. Hata imamu akisahau aya ndani ya sala, aliye nyuma yake humfungulia. Kunyamaza wakati mwenzako amekwama ni uchoyo. Hilo tulifunzwa kabla meno ya utotoni hayajang'oka, na halikuwa jambo la kufikiriwa. Lilikaa ulimini, kama vile kuitikia salamu.

Felista hakuwa na kifua cha kuhifadhi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, nasema kwa mapenzi. Vitenzi vyake vilianza leo vikaishia jana, na daftari lake likirudi lilikuwa jekundu kwa wino wa mwalimu. Lakini alikuwa haachi kuuliza. Kwa nini yule mjane anafagia ukumbi asubuhi ya siku ile nyumba inapovunjwa? Kwa nini mwandishi hakutuambia jina la mume wake? Darasa lilikuwa likiguna. Mwalimu alijibu alichoweza, kisha akatazama saa. Siku moja tulirudishiwa insha. Yangu ilikuwa na alama nyingi, safi, bila neno la ziada. Ya Felista ilikuwa na alama chache, imejaa mistari myekundu, ila chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika, kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya: "Nimeifundisha hadithi hii miaka mingi, na hili sikuwa nimeliona." Felista alinionyesha huku akicheka, anaona ameliwazwa kama mtoto. Mimi nilisoma mstari ule mara kadhaa kwa siri. Sikulala nao vizuri. Nilikuwa mtu wa ibada tangu utoto, na siku ile niligundua kwamba mtu wa ibada anaweza kuwa na wivu mzima, wenye afya, unaosali pamoja naye safu moja.

Mchana baada ya shule tulikuja kwetu. Mama yake mdogo aliuza chakula nyuma ya soko, na chumba chao Mtaa wa Mchikichi kilijaa masufuria mpaka hapakuwa na mahali pa kufungulia daftari. Uani kwetu palikuwa na nafasi na kivuli cha ukuta. Wapangaji walikuwa wakikuna nazi, wakichambua mchicha, wakifua. Na kwa sababu Felista hakuweza kuihifadhi hadithi, aliisimulia. Aliisimulia kwa Kiswahili, yule mjane akawa mtu wa mtaani, reli ikawa kama barabara inayotaka kupita Narung'ombe, theluji ikawa mvua ya barafu ambayo haikati. Wanawake wale, ambao hakuna hata mmoja aliyesoma zaidi ya darasa la nne, walitua mbuzi za nazi na kumsikiliza.

Mama Shani, mpangaji wa chumba cha mbele, alisema yeye akiletewa nyumba yenye bomba ndani anahama leoleo, hata kitanda anawaachia. Mwingine akamwambia Felista kwamba mjane huyo bila shaka hakuwa Mchagga, maana Mchagga angehama na reli yenyewe. Felista akajibu kwamba na angekuwa Mzaramo wangemkuta yuko ngomani, reli ingepita akasikia keshoye. Walicheka mpaka Mama Shani akamwaga tui. Aliyekuwa hajacheka ni Bi Tatu. Huyu alikuwa mtu mzima kutoka Kusini, mkwe wa mpangaji mmoja, aliyeletwa mjini mwaka uliotangulia, na kwa kawaida alikaa kwenye mkeka wake pembeni akisuka ukili bila kusema. Felista alimwamkia tena, ingawa alikwisha kumwamkia, akamuuliza kwa adabu yeye anaonaje.

"Huyo mama si mkaidi," alisema Bi Tatu. "Amechoka kuhama."

Felista akamwambia kwamba kitabuni hakuna mahali palipoandikwa kuwa alipata kuhama kabla.

"Kitabu chenu kimeanzia katikati ya maisha yake," akasema Bi Tatu. "Mimi mara ya kwanza kuhamishwa nilibeba mlango wa nyumba yangu kichwani. Mara ya pili nilibeba sufuria. Mara ya tatu sikubeba kitu. Mngeniuliza sababu nisingewaambia. Sababu anaitoa mtu ambaye bado anadhani atasikilizwa."

Kisha akarudi kwenye ukili wake. Mama Shani alitazama mlango wa mbele, maana maneno ya kuhamishwa hayakuwa maneno ya kusemwa kwa sauti mwaka ule; balozi wa nyumba kumi alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Felista alikuwa ameduwaa, macho yamemjaa maji, na akanigeukia akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa ameelewa kwa nini mjane alikuwa akifagia. Hakunieleza. Nami sikumuuliza. Hilo nalo ni moja ya mambo ninayoyajutia: sikujua, na sitajua, ni kwa nini mjane yule alikuwa akifagia.

Kesho yake Felista alinyoosha mkono darasani akayasema maneno ya Bi Tatu kwa Kiingereza chake kilichovunjika. Mwalimu Kapinga alimsikiliza, chaki mkononi. Ubaoni nyuma yake kulikuwa na nukta nne alizotuandikia tuzihifadhi: mjane ni mfano wa wazee wanaopinga maendeleo, na nyingine tatu za namna hiyo. Hakumkatalia. Alisema ni fikra nzuri na aiweke. Lakini saa ya kutoka alituita sisi wawili, tukavuka naye Mnazi Mmoja kwa miguu, na alipohakikisha hakuna mtu karibu akamwambia Felista kwamba yeye hatamsahihishia mtihani ule. Msahihishaji atakuwa mtu asiyemjua, mwenye rundo la karatasi na orodha ya nukta nne. Alisema kwa huzuni, kama daktari. Akanitazama mimi, akasema, "Mwanaidi, wewe una kifua. Msaidie mwenzako."

Nalikumbuka neno lile kwa sababu lilinifurahisha. Felista alikuwa na barua ya baba yake kutoka Rombo: akifaulu kwenda kidato cha tano atasomeshwa, asipofaulu arudi nyumbani, kuna mtu amekuja kuuliza habari zake. Alitaka kidato cha tano kama mtu anavyotaka hewa. Alitaka kuwa mwalimu wa hadithi. Si wa Kiingereza, alikuwa akisema, wa hadithi. Na sasa mwalimu mwenyewe alikuwa amekiri kwamba njia ilipita kwangu, kifuani kwangu, na siyo kwenye zile "kwa nini" zake.

Nilimfundisha miezi mitatu. Kila alasiri tuliketi uani, uso kwa uso, tukayumba. Nilitaja, akarudia. Nilimkataza kusimulia. Wanawake waliomba hadithi, nikawaambia hakuna hadithi, kuna mtihani. Mama Shani akasema mwalimu mdogo amekuwa mkali kuliko fimbo yake. Nukta ya kwanza aliishika kwa wiki moja, ya pili kwa mbili. Ya tatu ilimshinda. Kila alipofika pale alinyamaza, macho yakapanda juu ya ukuta, nami nikamfungulia: maneno matatu ya mwanzo wa sentensi, sauti ya chini, na kidole nikigonga mkeka. Hapo alishika njia akamaliza. Tulirudia mara nyingi hata ikawa kama mchezo wa watu wawili, yeye ananyamaza, mimi nafungua. Siku nyingine nilimwona anamtazama Bi Tatu pembeni pale, na Bi Tatu anamtazama yeye, halafu wote wawili wanaangalia chini. Alikonda. Aliacha kuuliza maswali darasani, na darasa likafurahi kwa kuwa masomo yalikwenda upesi. Mimi nilimshukuru Mungu kwa maendeleo yake, nikiwa juu ya mswala, kwa moyo safi. Ndivyo nilivyodhani.

Siku ya mtihani tulikunywa uji usio na sukari kwa mama yake mdogo. Mama huyo alitufanyia ishara ya msalaba wote wawili, mimi na ushungi wangu, akasema Mungu atachagua yupi wa kumpokea. Ndani ya chumba cha mtihani tulipangwa kwa namba, na Felista akaketi mbele yangu kidogo, upande wa kushoto, hata niliuona mgongo wake na mkono unaoandika. Msimamizi alikuwa mgeni kutoka shule nyingine, mtu mwenye viatu vilivyolia. Swali la hadithi lilikuwa lile tulilolingojea, isipokuwa lilimtaka mtu aeleze kwa maneno yake mwenyewe kwa nini mjane alikataa. Sikuyaona yale "maneno yake mwenyewe". Yaani niliyasoma, nikayapita. Nikaanza kumimina nukta zangu.

Nilikuwa namsikia Felista akiandika. Kalamu yake ilikwaruza. Ilikwaruza nukta ya kwanza, na ya pili, najua kwa sababu nilijua urefu wake kama mtu ajuavyo urefu wa Fatiha. Kisha ikanyamaza. Nikainua macho. Alikuwa ameinua kalamu, kichwa kimepanda, anatazama juu ya ukuta, vilevile kama uani. Nikangoja ashike. Hakushika. Na ulimi wangu ukatangulia. Sikukata shauri, sikupima, sikusema moyoni kwamba sasa nafanya hivi. Nilimfungulia. Maneno matatu, sauti ya chini, na mahadhi yake.

Felista aligeuka. Aligeuka mwili mzima, mdomo wazi, kama mtu aliyeamshwa. Msimamizi akainua kichwa, na alichokiona ni msichana aliyegeukia nyuma akiwa amefumbua kinywa. Viatu vikalia mpaka kwenye meza yake. Akamwambia aweke kalamu chini. Akamuuliza anazungumza na nani. Felista akasema, "Hakuna mtu, mwalimu." Msimamizi akatutazama sisi tuliokuwa karibu, mmoja mmoja, na akanitazama mimi. Nikainama. Akaichukua karatasi ya Felista, na Felista akasimama akatoka, akijishika sketi kwa nyuma ili kiti kisiipasue, maana kilikuwa na msumari.

Nikaendelea kuandika. Namwomba msomaji alisome hili mara mbili, kwa kuwa wasomaji wangu wengi walikuwa wanafunzi wangu na wananidhania mema. Niliendelea kuandika, na nukta ya tatu na ya nne zilinijia bila kosa hata la koma.

Mwalimu Kapinga aliniita wiki iliyofuata. Matokeo yote ya Felista yalikuwa yanakwenda kufutwa, na kama kulikuwa na shahidi wa jambo lolote, huo ndio ulikuwa wakati. Akaniuliza nilisikia nini. Nikamwambia sikusikia kitu. Alijipangusa chaki mikononi, kisha akaniomba nimsaidie kukishona kitabu, kwa sababu namba za kurasa zilikuwa zimefutika kwa kushikwashikwa na mimi ndiye niliyejua mpangilio wake kwa moyo. Tulikaa saa mbili, mimi nikimpa karatasi moja baada ya nyingine, yeye akipitisha sindano ya viatu. Hakuniuliza tena. Naamini alijua. Naamini pia kwamba alikuwa akijihesabia sehemu yake, lakini sehemu yake haipunguzi yangu.

Masheikh wametufundisha kwamba dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake husameheka kwa toba, lakini haki ya mja mwenzio haisameheki mpaka umwendee mwenyewe, umtajie, akusamehe kwa kinywa chake. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nampelekea Felista salamu za Krismasi, naye ananiletea za Idi. Tulipigiana simu simu zilipokuja. Alinihadithia watoto wake, ng'ombe wake, na kwaya. Nilihiji, nikasimama mahali ambapo watu hulia dhambi zao, nikalia, nikijua kwamba ile moja haikupandishwa pale. Aliporudi kuishi mjini kwa binti yake, akiwa mgonjwa, nilimtembelea mara mbili, na mara zote mbili chumba kilikuwa na watu, nami nikashukuru kuwepo kwao. Sasa hakuna wa kuendewa. Mwenye rehema ni Mungu, na simkatii tamaa. Ila kuhusu jambo hili sijui nimwombe nini.

Wala si kwamba sikupata nafasi. Nilipata moja, mwaka uleule, baada ya matokeo kubandikwa. Jina langu lilikuwepo, lake halikuwepo. Nilikwenda nyuma ya soko, kwenye banda la mama yake mdogo, asubuhi kabla ya wateja, nikamkuta peke yake ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Kesho yake alikuwa asafiri. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikaanza, "Felista, siku ile ya mtihani..."

"Kaa chini kwanza, utanimwagia mchele," alisema.

Nikakaa. Akaendelea kuchambua, akitupa mawe pembeni, na bila kuninyanyulia macho akaniambia kwamba anajua ninachotaka kusema, na nisiende kukisema kokote. Wamekwisha kumfuta mmoja. Nikienda watafuta wawili, na hilo halitamrudisha yeye darasani. Niende kidato cha tano. Nisome kwa ajili yetu sote. Alisema taratibu, kama mtu aliyelitafakari na kulimaliza. Nami nilipokea. Nilipokea upesi mno, msomaji, hata kabla hajafunga kinywa. Nilihisi mabega yangu yanashuka kwa nafuu, na aliona. Nikajitetea. Nikamwambia kwamba nilimwona amekwama kwenye nukta ya tatu, palepale pa siku zote, na nisingeweza kumtazama mwenzangu amekwama nikanyamaza.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Sikuwa nimekwama, Mwana," alisema. "Nilikuwa nafikiri."